Kutoka Draguignan hadi Libreville: Hervé Renard, beki asiye na jina

Kabla ya lile shati jeupe kulikuwa na mapipa ya taka. Hervé Renard alitundika daluga mwaka 1998, akikaribia miaka 30, bila jina, bila medali na bila akiba ya kumlisha. Alikuwa beki. Alianzia Cannes, klabu ile ile iliyomlea Zidane, akacheza hapo mpaka 1990, kisha akashuka ngazi taratibu: miaka kadhaa Stade de Vallauris, halafu msimu mmoja SC Draguignan, timu ambazo hata Mfaransa mpenda soka lazima akune kichwa kuzikumbuka. Basi akaanzisha kampuni ya usafi. Saa nane au saa tisa za usiku anaamka, anatoa mapipa ya takataka nje ya majengo ya ghorofa, anadeki ngazi, anasafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajafika. Jioni, mwili ukiwa umechoka, anakwenda uwanjani kuwafundisha vijana wa Draguignan. Maisha hayo aliyaishi kwa miaka kadhaa, na amekuwa akiyasimulia mwenyewe bila haya.

Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu sisi wa huku tulimfahamu akiwa tayari Renard wa picha: nywele ndefu za dhahabu, kifua wazi, shati jeupe lililombana. Vijiweni watu walimwita "yule mzungu wa Zambia mwenye sura ya muigizaji". Ila kwa mwandishi wa michezo anayejaribu kuelewa ukocha wa kigeni umetufanyia nini, na haujatufanyia nini, muhimu ni yule mwenye ufagio.

Aliyemtoa kwenye ufagio ni Claude Le Roy, Mfaransa aliyeipa Cameroon Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1988 na aliyeijua Afrika kuliko makocha wengi wa kizazi chake. Mwaka 2002 Le Roy alikwenda kufundisha Shanghai, akamchukua Renard kama msaidizi. Mwaka 2004 wakaibukia Cambridge United, daraja la nne la Uingereza. Le Roy akaondoka mapema, Renard akaachiwa timu, matokeo yakawa mabaya, akatimuliwa. Akapita Vietnam kwa muda mfupi, Nam Dinh. Akarudi Ufaransa kufundisha Cherbourg, daraja la tatu. Kisha Le Roy akamwita tena, safari hii Ghana, na katika fainali za 2008 zilizochezwa nchini humo Renard alikuwa kwenye benchi la Black Stars waliomaliza nafasi ya tatu.

Hebu tuweke wasifu huo mezani kama karatasi ya kuombea kazi. Beki wa madaraja ya chini. Mfanyabiashara wa usafi. Kocha aliyefukuzwa na timu ya daraja la nne. Msaidizi wa mtu mkubwa. Mei 2008 Zambia ilimpa mtu huyo timu ya taifa.

Hapo ndipo roho yangu inapogawanyika. Chukua beki wa Ndola mwenye wasifu huo huo: amecheza madaraja ya chini Zambia, ana kampuni ya usafi, amefundisha timu ya mtaani kwake na ameonyesha akili. Nani Ulaya angempa Cambridge United, achilia mbali timu ya taifa? Hata hapo hapo Zambia, kocha aliyekuwepo kabla ya Renard alikuwa Patrick Phiri, mzawa, mtu ambaye wapenzi wa Simba wanamfahamu vizuri kwa sababu ameifundisha klabu yao kwa nyakati tofauti. Phiri alikuwa na wasifu mzito kuliko mgeni wake. Mlango aliopitia Renard haukuwa wazi kwa kila mtu, na upande mmoja haukuwepo kabisa. Wafaransa wana msemo wao kwa makocha wa aina hii, wanawaita wachawi weupe, na nadhani msemo huo unawadhalilisha wote wawili, kocha na wachezaji: kocha anaonekana mpiga ramli, wachezaji wanaonekana watu wa kupigiwa ramli.

Na bado, jamaa alijua kazi.

Sisi Watanzania tulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuionja. Mwaka 2009, kwenye fainali za kwanza za CHAN nchini Ivory Coast, Taifa Stars ya Mbrazili Márcio Máximo ilipangwa kundi moja na wenyeji, Senegal na Zambia. Tulifungwa 1-0 na Senegal. Tukawafunga wenyeji 1-0, bao la Mrisho Ngassa, nchi ikapagawa. Mechi ya mwisho ilikuwa na Zambia, na tukishinda tunaingia nusu fainali. Tukatangulia kufunga. Dakika zikayoyoma, watu wakaanza kukumbatiana mbele ya televisheni, halafu mwishoni kabisa Zambia wakasawazisha. 1-1. Wao wakasonga mbele na kumaliza wa tatu, sisi tukapanda ndege kurudi nyumbani. Kocha aliyekuwa kwenye benchi lao ni Renard. Wakati huo wengi wetu hatukushika hata jina lake, tulibaki kumlaumu huyu na yule kati ya mabeki wetu.

Mwaka uliofuata aliipeleka Zambia robo fainali ya Kombe la Mataifa nchini Angola, wakatolewa na Nigeria kwa penalti. Halafu akafanya kitu ambacho Wazambia hawakukipenda: akaondoka kwenda kuifundisha Angola. Hakukaa mwaka. Akahamia USM Alger, Algeria, nako hakukaa. Wakati huo Zambia ilikuwa chini ya Muitaliano Dario Bonetti, na Bonetti akafuzu fainali za 2012. Kabla hajasherehekea, Oktoba 2011, chama cha soka kikamfukuza na kumrudisha Renard. Kelele zilikuwa nyingi. Unamfukuzaje kocha aliyefuzu ili kumrudisha yule aliyetukimbia? Rais wa chama hicho alikuwa Kalusha Bwalya, na ili kuelewa kilichofuata lazima tumzungumzie Kalusha, na ili kumzungumzia Kalusha lazima turudi 1993.

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi la anga la Zambia, aina ya Buffalo, iliondoka Lusaka ikiwa na timu ya taifa. Walikuwa wanakwenda Dakar kucheza na Senegal kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Walikuwa ndiyo kwanza wametoka Mauritius, walikoshinda 3-0. Ndege haikuwa na uwezo wa kufika Senegal moja kwa moja, hivyo ilipangwa itue Brazzaville, Libreville na Abidjan. Iliruka kutoka Libreville usiku, na baada ya dakika chache ikaanguka baharini. Watu 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Kocha Godfrey Chitalu, mfungaji ambaye Wazambia bado wanamtaja kwa sauti ya chini, alikufa. Kipa Efford Chabala alikufa. Ripoti iliyotolewa miaka 10 baadaye ilieleza kwamba injini moja ilipata hitilafu na rubani, akiwa amechoka kwa safari, akazima ile nzima.

Kalusha hakuwemo. Alikuwa anacheza Uholanzi, PSV, na alitakiwa kuungana na wenzake akitokea Ulaya. Huyu ndiye aliyefunga mabao matatu Zambia ilipoichapa Italia 4-0 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na baadhi ya wenzake wa siku ile sasa walikuwa chini ya maji. Mwaka mmoja baada ya msiba, akiwa nahodha wa kikosi kilichoundwa upya, aliifikisha Zambia fainali ya Kombe la Mataifa kule Tunis, wakafungwa 2-1 na Nigeria. Mimi bado naamini fainali ile ni moja ya mambo makubwa kuwahi kufanywa na timu yoyote ya Afrika, na inasikitisha kwamba inakumbukwa kama kombe la Nigeria tu.

Siku ndege ile inaanguka, Renard alikuwa beki wa Vallauris.

Sasa tazama ramani ya 2012. Mashindano yaliandaliwa na nchi mbili, Equatorial Guinea na Gabon. Zambia ilipangiwa Equatorial Guinea: Bata na Malabo. Njia yao yote mpaka nusu fainali ilikuwa huko huko. Libreville, mji ambao ndege ile iliruka kwa mara ya mwisho, wangeufikia kwa njia moja tu, kucheza fainali. Hakuna aliyewapa nafasi hiyo. Walianza kwa kuifunga Senegal 2-1, na ikumbukwe Senegal ndiyo ile timu ambayo wenzao wa 1993 walikuwa wanaifuata. Wakatoka sare 2-2 na Libya, wakawafunga wenyeji 1-0, wakaichapa Sudan 3-0 robo fainali. Nusu fainali, Ghana, waajiri wa zamani wa Renard. Kipa Kennedy Mweene akapangua penalti ya Asamoah Gyan mapema kabisa. Emmanuel Mayuka akaingia kutokea benchi, akafunga. 1-0. Wakafungasha mizigo kwenda Libreville.

Walipofika, kabla ya mechi, walikwenda ufukweni karibu na eneo la ajali. Kalusha alikuwepo. Waliweka maua kwenye maji, wakaimba. Renard alikuwa kati yao, Mfaransa kwenye msiba wa watu wengine, na kwa kila picha niliyoiona ya siku ile amesimama kama mtu anayejua kwamba mahali pale si pake pa kusema. Baadaye alisema ushindi ule ulikuwa umeandikwa. Huwa sipendi makocha wanaozungumzia majaliwa, mara nyingi wanakuwa wanaficha mbinu zao au uvivu wao. Kwa siku ile nampa ruhusa.

Mbinu nazo zilikuwepo. Ivory Coast ya Drogba, Gervinho na ndugu wawili Touré ilifika fainali bila kuruhusu bao hata moja. Zambia ilikuwa na nahodha Chris Katongo aliyekuwa akicheza China, kipa aliyekuwa akicheza Afrika Kusini, na kundi la vijana wa TP Mazembe: Stoppila Sunzu, Rainford Kalaba, Hichani Himoonde. Lubumbashi waliwajua hawa kabla ya dunia. Mji ule wa shaba unaozungumza Kiswahili uko hatua chache kutoka mpaka wa Zambia, na Wazambia wanaovuka kwenda kuchezea Mazembe wanahama kutoka machimbo kwenda machimbo. Jina lenyewe la timu ya taifa, Chipolopolo, ni risasi za shaba. Kwa hiyo usiku ule wa Februari 12, Libreville, kulikuwa na mashabiki wa Kiswahili waliokuwa na watoto wao uwanjani bila nchi yao kuwemo.

Beki Joseph Musonda aliumia mapema mno, akatolewa akilia. Dakika ya 70 Ivory Coast wakapata penalti, Drogba akaipaisha juu ya lango. Dakika 90 bila bao, dakika 120 bila bao. Penalti zikaanza, na wakati zinapigwa wachezaji wa Zambia waliobaki pembeni walikuwa wamepiga magoti, wanaimba. Kila mtu akafunga, akiwemo kipa Mweene, mpaka ikawa 7-7. Kolo Touré akapiga, Mweene akaokoa. Kalaba akapewa nafasi ya kumaliza, akapaisha. Gervinho naye akapaisha. Akaja Sunzu, akatembea kuufuata mpira huku akiimba, akafunga. 8-7.

Kisha likatokea lile ambalo kwangu linazidi hata kombe. Renard alimfuata Musonda, ambaye hakuweza kutembea, akambeba mikononi kama mtoto, akampeleka katikati ya wenzake waliokuwa wanashangilia. Ni beki alimbeba beki. Wapo watakaosema alijua kamera zilipo. Inawezekana, Renard na kamera ni marafiki wa siku nyingi. Ila Musonda hakusherehekea peke yake kwenye benchi.

Baada ya hapo wasifu unakwenda kasi. Mwaka 2013 Zambia ilitetea kombe kwa sare tatu na kutolewa hatua ya makundi. Akaenda Sochaux, ligi kuu ya Ufaransa, akaikuta mahututi, akakaribia kuiponya, na siku ya mwisho ya msimu ikafungwa 3-0 nyumbani na Evian ikashuka daraja. Mwaka 2014 wakamchukua Ivory Coast, wale wale aliowaliza Libreville. Februari 2015, fainali Bata, dhidi ya Ghana. Bila bao kwa dakika 120. Ivory Coast wakakosa penalti mbili za mwanzo na bado wakashinda 9-8, kipa Boubacar Barry akifunga ya mwisho. Renard akawa kocha wa kwanza kuchukua kombe hilo na nchi mbili tofauti.

Ukizijumlisha, fainali zake mbili ni dakika 240 za mpira, na hakuna bao lililofungwa, si na timu yake wala na wapinzani. Hiyo ni kazi ya beki. Washambuliaji wakigeuka makocha huwa wanaota mabao, mabeki wanaota usingizi mtulivu. Na hakuwa peke yake: mwaka 2017 Cameroon ilichukua kombe ikiwa na Hugo Broos, Mbelgiji, naye beki wa zamani. Tofauti ni kwamba Broos alikuwa beki mkubwa kwao.

Baada ya kombe la pili Ufaransa ikamfungulia mlango tena, Lille. Mechi 13 za ligi, akaonyeshwa njia. Akarudi Afrika, Morocco, akaipeleka Kombe la Dunia 2018 baada ya miaka 20 ya kukosekana. Huko Urusi walifungwa na Iran kwa bao la kujifunga dakika za majeruhi, wakafungwa na Ureno, wakatoka sare 2-2 na Hispania. Walicheza vizuri kuliko pointi yao moja. Mwaka 2019 wakatolewa na Benin kwa penalti kwenye Kombe la Mataifa, akaondoka.

Kisha Saudi Arabia, na ile Novemba 22, 2022, Lusail. Argentina haikuwa imefungwa katika mechi 36. Messi akafunga penalti dakika ya 10. Wengi wangerudisha mabeki kwenye boksi na kuomba Mungu. Renard alifanya kinyume, akaipandisha safu ya ulinzi juu kabisa kama kamba ya kuanikia nguo, na Waargentina wakanasa: mabao matatu yakakataliwa kwa kuotea kabla ya mapumziko. Video ya chumba cha kubadilishia nguo iliyotolewa baadaye inamwonyesha akiwafokea wachezaji wake kwa kumwacha Messi huru, akiwauliza kwa kejeli kama wanataka kuchukua simu wapige naye picha. Kipindi cha pili Al-Shehri na Al-Dawsari wakafunga, 2-1, na mfalme akatangaza mapumziko ya kitaifa. Watu hawakumbuki kwamba Saudia ilifungwa mechi mbili zilizofuata na kurudi nyumbani. Nalitaja kwa sababu ndiyo hesabu kamili ya Renard: ana siku moja kubwa ndani yake kila baada ya miaka michache, na siku hiyo akiipata hakuna anayemzidi.

Siku moja kama hiyo aliikosa kwa sababu ya karatasi. Januari 2024 Ivory Coast walikuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa, wakafungwa 4-0 na Equatorial Guinea nyumbani kwao, na kocha Jean-Louis Gasset akaondoka hata kabla haijajulikana kama wametolewa. Shirikisho likakumbuka mtu wa 2015. Renard wakati huo alikuwa kocha wa timu ya wanawake ya Ufaransa. Waivory Coast wakaomba wamwazime, yaani waazime kocha katikati ya mashindano, kama unavyoazima jembe kwa jirani. Ufaransa ikakataa.

Angalia sasa nani aliamua hatma yao. Ili Ivory Coast wapite kama mmoja wa washindwa bora, ilitakiwa Zambia isipate matokeo dhidi ya Morocco. Timu zote tatu zilishapita mikononi mwa Renard. Na Zambia walikuwa katika kundi letu. Siku tatu kabla walikuwa wamecheza na Taifa Stars, Simon Msuva akatufungia mapema, Zambia wakabaki 10 kabla ya mapumziko, sisi tukaongoza mpaka dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha. 1-1, kwenye ardhi ya Ivory Coast, kama 2009. Safari hii hakukuwa na Mfaransa wa kumlaumu.

Morocco wakaifunga Zambia 1-0, Ziyech. Ivory Coast wakapumua. Timu ikabaki kwa msaidizi wa Gasset, Emerse Faé, kiungo wao wa zamani ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya wakubwa hata kwa siku moja. Akaitoa Senegal kwa penalti. Akaitoa Mali ndani ya muda wa nyongeza akiwa na wachezaji 10. Akaitoa Kongo 1-0. Februari 11, kasoro siku moja kutimia miaka 12 tangu Libreville, akaifunga Nigeria 2-1 na kuchukua kombe, na kazi aliyopewa kwa muda akapewa moja kwa moja.